Sahani ya Kufungulia

Niliporudi kutoka India kulikuwa na mwanamke aliyenifuata. Sikumwogopa, nilimjua vizuri: alikuwa mimi wa kabla ya safari. Alivaa lile gauni langu la kitenge cha maua ya njano ambalo fundi aliliongezea vipande ubavuni mara mbili, alihema hata akiwa ameketi, na mlangoni aliingia kiubavu. Nilimpa jina, nikamwita Bi Mkubwa. Mume wangu Peter angejua angecheka, kwamba uzeeni amejikuta na wake wawili, na wote ni mimi.

Asubuhi, malori ya Tunduma yakianza kunguruma na ukungu wa upande wa mbugani bado haujainuka, nilimkuta ameshakaa kwenye benchi mbele ya hoteli. Benchi hilo la mninga nililichongesha kwa kipimo changu, wakati kipimo changu kilikuwa kikubwa. Nilikuwa nakaa katikati nalijaza, hapabaki pa kuweka hata kikombe. Niliporudi nikawa nakaa pembeni kabisa, nimejibana, na nafasi yote iliyobaki ilikuwa yake. Wapita njia walidhani nimemwachia mteja.

Ugomvi wangu na abiria ulitokea kwenye benchi hilo, kwa hiyo nianze nalo.

Sisi ni Wasukuma. Tulishuka na ng'ombe kutoka Shinyanga tukatua Rudewa, kwenye mashamba ya mkonge yaliyokuwa yameshakufa, mimi nikiwa na mtoto mgongoni, huyu Lucy. Peter alikaa na ng'ombe. Mimi ng'ombe walinishinda, sina subira. Serikali ilipolegeza biashara na kila mwenye sufuria akawa ruksa kuuza, nilibeba yangu nikaenda njia panda ya Dumila, nikakuta wenye sufuria wa mkoa mzima nao wamefika. Abiria wa Dodoma walikuwa wakichungulia madirishani wanatutazama kwa mashaka, maana wengi walishawahi kula pale wakajuta kabla ya kufika Gairo. Nikaona huu upuuzi. Nikapindua ndoo, nikaikalia pale pale basi linaposimama, nikapakua sahani ya kwanza kutoka kwenye sufuria yangu na kuila mbele yao, wali, maharage na kipande cha nyama, mpaka nikaikomba kwa kidole.

Dereva wa basi hilo alikuwa Gabrieli, wakati huo kijana mwembamba mwenye kofia ya pama. Aliniangalia kupitia dirishani hadi nilipomaliza, akawageukia abiria wake akasema, "Mwenyewe kala. Shukeni."

Wakashuka wote. Kesho yake wenzangu nao walipindua ndoo, lakini hakuna aliyekula kama mimi. Mimi nilikula kwa moyo wote, maana nimekulia kwenye nyumba yenye njaa. Mama yangu alitukataza hata kusema "nimeshiba". Alisema chakula kikisikia neno hilo kitadhani hakihitajiki, kitahama. Ukimaliza kula unasema "nashukuru" na unaikomba sahani. Kwa hiyo mpaka nafikisha miaka hamsini sikuwahi kulitamka neno hilo, nyumbani wala barabarani.

Gabrieli alipohamishiwa njia ya Iringa, nami nilihama nikaja kujenga hapa Mikumi, barabara kuu. Hoteli ikapata bati, ikapata viti vya plastiki, ikapata jina langu ukutani, Kishiwa Hoteli. Sheria ikabaki ile ile. Sahani yoyote haitoki jikoni kabla sijala yangu kwenye benchi. Wapishi wakaiita sahani ya kufungulia. Tatizo ni kwamba mabasi yaliongezeka. Kila mwenye fedha alinunua basi, kila basi likaja na abiria wake, na kila abiria alitaka kuniona nikila kwa macho yake, si kusimuliwa. Nikawa nafungulia basi la Mbeya, nafungulia la Songea, nafungulia la Njombe. Watu walisema Mama Lucy ananenepa kwa raha. Mimi nilinenepa kwa kazi.

Mwisho magoti yalikataa. Sukari ikapanda. Nikawa nalala nimekaa, kwa kuwa nikilala chali pumzi inakata. Lucy, ambaye sasa ni mtu wa ofisi Dar es Salaam, katika moja ya hizi kampuni za simu, ndiye aliyekuja na habari ya operesheni. Sikuamini kuna kitu kama hicho. Lakini nilikuwa nimechoka kubebwa, tukaenda. Wahindi walitoa sehemu kubwa ya tumbo langu la chakula wakaacha kipande cha ukubwa wa ndizi. Daktari, mama mmoja mpole mwenye nywele fupi, alinishika mkono akaniambia kupitia kwa Lucy: kula kidogo, tafuna mpaka kiwe uji, usinywe maji katikati ya chakula, na tumbo likikwambia acha, uache hapo hapo. Ukilazimisha utaumia. Nikasema sawa. Nilidhani kazi ngumu imeisha.

Peter hakutaka. Usiku wa kuamkia safari alisema kitu kimoja tu: "Nilioa mtu mzima. Sitaki kurudishiwa nusu." Nikamjibu vibaya, maana mdomo wangu haujawahi kukatwa. Akanyamaza, na ukimya ule alirudi nao Rudewa kwa ng'ombe wake.

Miezi iliyofuata ilipita kama usingizi wa mchana. Nilikuwa naamka nagusa shingo yangu, nakuta ina mfupa. Siku moja nilipandisha mguu mmoja juu ya mwingine, kitu ambacho sikuwa nimekifanya tangu usichana, nikakaa hivyo mpaka mguu ukafa ganzi, sitaki kuushusha. Pete ya ndoa ilidondoka kwenye beseni la vyombo. Nywele zilitoka kwenye kitana mafungu mafungu, kisha zikarudi laini kama za mtoto. Nilisikia baridi saa saba mchana, Mikumi hii, watu wanatokwa jasho na mimi nimejifunika khanga mbili. Ngozi ya mikono ilibaki, haikujua pa kwenda. Na mlangoni bado nilikuwa naingia kiubavu. Bi Mkubwa akiingia hivyo, nami nyuma yake hivyo hivyo, kwenye mlango ambao sasa tungepita wote wawili.

Njaa ndiyo iliyonitoroka kabisa. Nilikuwa nasimama jikoni, vitunguu vya Malolo vinakaangika, harufu inajaa, na mimi naisikia tu, kama unavyosikia redio ya jirani. Siku moja nililia. Ni ajabu kulilia njaa, mtu wa kwetu akisikia atanipiga. Lakini njaa ndiyo iliyonilea, ilinipeleka Dumila, ilinijengea hoteli. Ilipoondoka sikujua nizungumze na nani.

Bi Mkubwa ndiye aliyeendelea kuwa na njaa kwa niaba yangu.

Basi lilipokuja, nilikaa kwenye benchi na sahani yangu. Nikala vijiko vichache, tumbo likasema acha, nikaacha. Sahani ikarudi jikoni imejaa. Siku za mwanzo watu walinihurumia, walijua nimetoka hospitali. Baadaye wakaanza kutazamana. Nikamwambia mpishi wangu mkuu, Marselina, akae yeye badala yangu. Abiria wakauliza mwenyewe yuko wapi, mbona hali chakula chake.

Mimi sikuficha kitu. Niliwaambia wote, wapishi, madereva, wauza karanga: nimepunguzwa tumbo. Hakuna hata mmoja aliyeamini. Mama muuza karanga alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akaniuliza kwa upole, "Yaani ulilipa ili usile?" Nikasema ndiyo. Akaguna akaenda zake na karanga zake.

Nikaona dawa ni ushahidi. Nikamwita Marselina stoo, nikafunga mlango, nikafunua tumbo. Marselina ni Msagara wa Kilosa, mama wa watu wazima, tumefanya kazi pamoja tangu Dumila, na ni mtu asiyejua kusema uongo. Operesheni hii ya kisasa hawapasui, wanatoboa matundu madogo wanaingiza vyuma. Kwa hiyo tumboni nina vialama vidogo vidogo tu, vyeusi, vimejipanga.

Marselina alivitazama kwa muda mrefu, mkono mdomoni.

"Mama," akasema, "hizo ni chale."

"Ni operesheni."

"Operesheni naijua, mimi mtoto wangu wa mwisho alitolewa kwa kisu." Akashusha sketi kidogo akanionyesha kovu lake, refu na zito. "Hiyo ndiyo operesheni. Kutoa mtoto tu wamenikata hivi. Wewe wamekutoa tumbo zima kwa vitundu hivi? Daktari gani anachanja kidogo kidogo?"

Nilipotazama makovu yake na yangu, mimi mwenyewe nilikaribia kumwamini.

Basi maneno ya watu yakaenea hivyo. Mama Lucy alikwenda kwa mganga, India ni jina tu. Amechanjwa. Amepewa utajiri, na sharti la utajiri huo ni kwamba asile chakula anachouza. Mbona kampuni ya simu imepaka ukuta wake mzima rangi bure? Mbona ana friji mpya? Na kama mwenyewe hathubutu kukila, hicho chakula kimewekwa nini? Ukiangalia, mambo yao yalipangika vizuri kuliko yangu. Ukweli wangu ulihitaji Bombei na mitambo, uongo wao ulihitaji wembe tu.

Marselina aliendelea kupika, lakini mchana alianza kufungua kimfuko chake na kula viazi alivyotoka navyo nyumbani. Nilimkuta amekaa nyuma ya kuni. Hasira ilinipanda nikainua upawa.

"Unakula viazi baridi na sufuria la pilau liko nyuma yako?"

"Nisamehe, mama. Mimi nina wajukuu."

Nikauteremsha upawa. Ningempiga kwa kosa gani, kwa kuwapenda wajukuu zake?

Gabrieli alikuja siku ya katikati ya wiki, basi likiwa gereji. Kofia ya pama bado anayo, ila kijana mwembamba ndiye aliyepotea, amebaki baba mwenye kitambi na mvi. Alikaa kwenye kiti cha plastiki, hakukaa kwenye benchi. Bi Mkubwa alimsogelea kwa furaha, yeye anampenda Gabrieli.

"Mama Lucy, habari za afya?"

"Nzuri. Za barabara?"

"Barabara ipo." Akaivua kofia akaiweka gotini. "Nimekuja mwenyewe, usije ukayasikia kwa makondakta. Abiria wangu wananisumbua. Wanasema nawaleta mahali pabaya. Wiki iliyopita nusu ya basi walibaki ndani na njaa yao."

Ng'ambo ya barabara Cleopa alikuwa amefungua banda la chipsi na kuku, mwanamume wa mjini mwenye miziki mikubwa. Gabrieli hakumtaja, macho yake tu ndiyo yaliyokwenda huko yakarudi.

"Wewe unaamini?" nikamuuliza.

"Mimi ni dereva. Mimi naamini kile abiria wanachoamini." Halafu sura yake ikalegea. "Mama Lucy, nimekula kwako tangu ulipokuwa unakalia ndoo. Jumamosi nitasimama. Kaa hapo, kula sahani yako kama zamani, yote, waione. Hiyo moja tu. Nitawaambia mwenyewe kala, na maneno yataisha. Lakini usipokula, sitaweza tena kuwaambia washuke."

Alijua, nami nilijua, kwamba basi lake likihama mengine yatafuata. Madereva hufuatana kama ng'ombe wa Peter kwenye njia ya maji. Hoteli isiyo na basi ni jiko na viti. Na mimi nisiyelisha watu, sijui ningekuwa nani. Nilimsindikiza mpaka barabarani, nikapita mlangoni kiubavu.

Mchana ule nililala kwenye mkeka nyuma ya hoteli, kama ninavyolala siku hizi, usingizi unakuja bila kuitwa. Nikaota Dumila. Kila kitu kilikuwa na rangi ya vumbi na jua. Nilikuwa nimekaa kwenye ndoo, na foleni ya mabasi ilikwenda mpaka milima ya Ukaguru, yote yanasubiri nile. Mama yangu alikuwa anapakua, kijana kuliko mimi, mikono myembamba kama alivyokuwa mwaka wa njaa. Kula, anasema, kesho hatuijui. Nakula, na sahani inajaa tena, na Bi Mkubwa amesimama nyuma yangu amenishika mabega, mikono yake ya moto. Kisha tembo wakatoka porini, wakapita katikati ya mabasi bila sauti, wakaja wakasimama. Mmoja akanyoosha mkonga akaichukua sahani yangu taratibu akaiweka chini. Nikaamka nimelowa machozi, sijui kama ni ya huzuni au ya nafuu.

Bi Mkubwa alikuwa amekaa miguuni pangu.

"Nitaila mimi," akaniambia. "Jumamosi nipishe, mimi nitaila yote."

Nilimwamini. Kwa siku zile zilizobaki niliishi kwa ahadi hiyo.

Jumamosi Peter alikuja na maziwa, kama kila Jumamosi. Hata kwa hasira zake maziwa hajawahi kuyakosesha, na mtindi wake ndicho chakula kilichonikubali kuliko vyote. Aliteremsha vibuyu kwenye kivuli cha ukuta wa jiko, akasema "Habari za hapa," nikasema "Nzuri, Baba Lucy," basi. Akakaa kwenye kigoda mgongo nusu kwangu. Hakuwa amenitazama sawasawa tangu nirudi. Nilikuwa nikimwona anavitazama vitu vyangu: viatu vyangu, kikombe changu, khanga yangu kambani. Mimi ananiruka.

Basi la Gabrieli likaingia saa ya jua kali. Vumbi lilitulia, mlango ukafunguka, kondakta akashuka peke yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Hakuna mwingine aliyeteremka. Madirisha yote yalikuwa na nyuso. Ng'ambo, Cleopa alizima muziki wake aone vizuri. Nikakaa kwenye benchi, pembeni, na Bi Mkubwa akakaa katikati akajipangusa mikono. Marselina alileta sahani, ile ya bati yenye ukingo wa buluu, amepakua kilima cha zamani: wali, maharage, nyama, kachumbari juu. Aliiweka mapajani mwangu bila kunitazama machoni.

Nikasema moyoni, haya, kula.

Kijiko cha kwanza kilikuwa kitamu. Lazima niseme hivyo, Marselina anajua kupika. Nikatafuna mpaka kikawa uji, nikameza, nikasubiri. Cha pili hivyo hivyo. Kwenye basi mtu akasema, "Anakula kama anatafuta mawe," na wengine wakacheka. Nikala kingine. Nikaona nyuso zinaanza kulegea, mwanamke mmoja mwenye mtoto akasogea mlangoni. Gabrieli alikuwa amelaza mikono juu ya usukani, ananiitikia kwa kichwa kidogo kidogo, kama mtu anayemsukuma mwingine kwa mbali.

Kisha pua ikaanza kutoa maji. Hiyo ndiyo hodi ya tumbo langu jipya. Halafu linakuja jiwe dogo chini ya kifua, na hilo maana yake acha.

Kilima hakikuwa kimepungua. Ungedhani kuku amepita tu akadonoa.

"Sasa wewe," nikamwambia Bi Mkubwa.

Akanyoosha mkono wake mnene, mzuri, nilikuwa nimeusahau uzuri wake, wenye vishimo kwenye vifundo. Akaupitisha kwenye wali. Wali haukutikisika hata punje. Akajaribu tena. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza nilimwona ana aibu.

"Kaacha," mtu akasema dirishani. "Mnaona? Hali."

Yule mwanamke mwenye mtoto akarudi kwenye kiti chake. Gabrieli akaacha kuniitikia kwa kichwa. Nikashika kijiko nikakijaza, nikakitia mdomoni kwa ajili yake, kwa ajili ya kofia ya pama na ndoo ya Dumila. Nikameza. Jiwe likawa kisu. Jasho la baridi likanitoka mgongoni, barabara ikapanda na kushuka, na nikasikia kwa mbali sauti ya yule daktari mpole akisema maneno ambayo sikuyaelewa. Nilikuwa na kijiko kingine kimeshajaa mkononi. Sijui nilikijaza saa ngapi.

Hapo ndipo hasira iliponijia, na naishukuru hasira yangu. Nilijiuliza, ninakufa kwa sababu ya nini? Kwa ajili ya watu waliokaa kwenye basi? Nimekula kwa ajili ya mabasi miaka yote hii. Nimekula nikiwa na homa, nimekula siku niliyomzika mama yangu, kwa sababu basi la Songea lilikuwa limesimama. Nikakirudisha kijiko kwenye sahani, nikainua uso, nikasema kwa sauti ambayo hata Cleopa aliisikia:

"Nimeshiba."

Neno lenyewe lilinishangaza. Nilisubiri chakula kihame, bati liezuke. Hakuna kilichotokea. Injini tu iliendelea kunguruma polepole.

Kisha nikasikia kigoda kinasogezwa. Peter alikuja kutoka kivulini, taratibu, mwendo wake wa nyuma ya ng'ombe. Akasimama mbele yangu, akanitazama, usoni. Alitazama kwa muda, kama mtu anayesoma alama ya ng'ombe aliyepotea muda mrefu.

"Kishiwa," akasema. Siku zote huniita Mama Lucy. "Tangu nikuoe sijakusikia ukisema umeshiba."

"Sijawahi kusema."

"Nilidhani nakushindwa. Nilidhani hakuna kitu nitakachokuletea kikakutosha." Akapangusa uso kwa kiganja. "Sogea."

"Nimeshasogea. Nafasi ipo."

Akakaa kwenye benchi. Alikaa katikati, pale pale. Tangu benchi lile lichongwe hakuwahi kulikalia, hapakuwa na mahali. Aliichukua sahani mapajani mwangu, akanawa mikono kwa maji ambayo Marselina aliyaleta mbio, na akaanza kula.

Kwetu mwanamume mwenye ng'ombe hali makombo ya mkewe. Mke ndiye anayekula ya mume. Wazee hawali hata makombo ya mtoto wao mbele za watu. Mle ndani ya basi kulikuwa na bibi mmoja wa kwetu, nilimsikia anaita jina la Mungu. Peter alikula kwa mkono, bila haraka, kwenye alama ya kijiko changu, mahali nilipoachia ndipo alipoanzia. Kondakta alimwambia kwa sauti ya chini, mzee, wanatazama. Peter akameza kwanza.

"Mke wangu akishiba, kinachobaki ni changu," akasema. "Waambie hivyo."

Marselina alikuwa bado amesimama na jagi. Alimwangalia Peter, akaniangalia mimi niliyekuwa nimejikunja na jasho, mkono chini ya kifua. Nadhani alikuwa ameshaona watu wengi wenye maumivu, na ya kuigiza anayajua. Akaweka jagi chini. Akachota maharage kwenye ukingo wa sahani ile ile akala, amesimama, machozi yanamtoka, kisha akaenda jikoni kupakua bila mtu kumwambia.

Gabrieli alizima injini. Hakusema mwenyewe kala, maana sikuwa nimekula. Alivaa kofia yake, akashuka, akanawa mikono, akasema kwa sauti ya kawaida, "Mimi nina njaa." Yule mwanamke mwenye mtoto akamfuata, na bibi wa kwetu, na wengine. Wengine walivuka kwenda kwa Cleopa, siwezi kudanganya. Muziki wake ukarudi. Wengine walibaki kwenye viti vyao na biskuti. Lakini sahani zilitoka jikoni, nilizisikia.

Maumivu yalikwenda yakipungua. Nilikuwa nimeegemea bega la Peter, lilinuka moshi na maziwa. Tulitosha kwenye benchi, hata pembeni pake palibaki pa kuweka kikombe.

Ndipo nilipomtafuta Bi Mkubwa. Hakuwa karibu nasi. Nilimwona ng'ambo ya vumbi, anapanda basi, ameshikilia mlango kwa mikono miwili, kiubavu. Alitafuta kiti cha dirishani akakaa, gauni la maua ya njano limejaa dirisha zima. Abiria walipomaliza na Gabrieli akapiga honi, niliona basi limeinama kidogo upande wake. Likaingia barabarani kuelekea Iringa. Nikainua mkono.

"Unampungia nani?" Peter akauliza, anaikomba sahani kwa kidole.

"Mteja wangu wa zamani."

Akalitazama basi mpaka likapotea kwenye kona, kisha akanirudishia sahani. "Kesho mwambie Marselina aongeze chumvi," akasema.